Mpwapwa kwa Miguu

Mara nyingi walimu huuliza ni wapi wawapeleke watoto siku ya mapumziko, mahali pasipodai fedha nyingi wala nguvu nyingi. Na wazazi nao huuliza vivyo hivyo. Kwa wale wakaao Dodoma na pande zake, jibu letu ni fupi: nendeni Mpwapwa, nanyi mkifika shukeni garini mtembee.

Mpwapwa ni mji mdogo, umekaa chini ya milima ya Kiboriani, upande wa mashariki wa Dodoma. Hauna majumba ya kushangaza. Lakini habari zake zilikwisha kuandikwa katika vitabu vya wasafiri wakati Dodoma ilikuwa bado haijulikani na wageni. Vitu viwili vilivyoufanya ni maji na miguu ya watu. Apitaye kwa gari havioni vyote viwili, atembeaye huviona. Twataka kuwaonyesha matembezi matatu, ambayo mzee mwenye fimbo na mtoto wa miaka minane waweza kuyafanya pamoja bila kuumia.

Miezi iliyo mizuri ni Juni hata Agosti. Mvua zimekwisha, nyasi zimelala, na asubuhi kuna baridi ya kupendeza. Ondokeni saa kumi na mbili na nusu, mrudi kabla ya saa tano, kwa maana jua la huku halina mchezo. Kila mtu na awe na kofia, viatu vya kufunga, na chupa ya maji. Tena msipite nyumbani mwa watu kimya kama wezi. Katika Ugogo salamu ni “Mbukwenyi”; mtoto aliyejifunza neno hilo moja hufunguliwa milango mingi.

Matembezi ya kwanza ni ya mjini. Anzieni sokoni, mwende polepole hata upande wa boma, kisha kanisani, kisha chuo cha walimu. Njiani wasimulieni watoto habari hizi.

Misafara ya zamani iliyotoka Bagamoyo na Saadani kwenda Tabora na Ujiji ilipumzika hapa. Mwaka 1876 wamisionari wa C.M.S., waliokuwa wakielekea Uganda, walianza kituo Mpwapwa. Kikaachwa kidogo, na mwaka 1878 Dr. Baxter na Bw. Last wakakianza tena. Mwaka 1877 Bw. Mackay, fundi wa chuma, alisimamia kazi ya kukata njia toka Saadani hata Mpwapwa, kadiri ya maili 230, ili magari ya ng'ombe yapite. Njia ilikatwa, lakini ng'ombe walikufa kwa mbung'o, na mizigo ikarudi vichwani mwa watu kama kwanza.

Mwaka 1889, wakati wa vita vya Wadachi na watu wa pwani, Bushiri bin Salim alifika hata huku, akaivunja boma ya kampuni ya Wadachi, na majengo ya misioni yakaharibiwa. Mwaka huo huo Wissmann alikuja na askari wake akajenga boma yenye nguvu. Mtu angedhani kwamba mji uliopiganiwa hivyo utakuwa mkubwa. Lakini reli ilipojengwa, ikafika Dodoma mwaka 1910, haikupita Mpwapwa. Ilipita Gulwe, upande wa kusini. Biashara ikaifuata reli, na Mpwapwa ikabaki ndogo. Sisi watembeaji hatulii kwa habari hiyo, kwa kuwa mji mdogo wapitika wote kwa asubuhi moja.

Kabla ya kurudi, tazameni malisho ya kituo cha utafiti wa mifugo, kazi iliyoanza tangu wakati wa Wadachi. Hapa ndipo walipofanywa ng'ombe waitwao Mpwapwa, kwa kuchanganya damu ya ng'ombe wa kienyeji na ya ng'ombe wa Bara Hindi na wa Ulaya, ili wapatikane ng'ombe wavumilivu wa ukame na wenye maziwa zaidi. Waulizeni watoto kwa nini mtu afanye kazi ya miaka mingi namna hiyo kwa ajili ya ng'ombe. Watoto wa wafugaji watawajibu mara moja. Ila ombeni ruhusa kwanza, msiruke ua.

Matembezi ya pili ni ya Chunyu, kijiji kilicho upande wa magharibi. Walio na watoto wadogo wapande gari hata kijijini, kisha watembee saa moja tu kuelekea mahali milima inapoishia na nchi tambarare inapofunguka. Jina la Chunyu lamkumbusha mtu wa pwani ile chumvi ishikayo mwilini baada ya kuoga baharini, na kweli wasafiri wa zamani waliyalalamikia maji ya hapa kuwa ni machungu. Mbele yenu itakuwa ile nyika iliyoitwa Marenga Mkali, maana yake maji makali. Ni mwendo wa kadiri ya maili 30, na wakati ule hapakuwa na maji ya kunywa. Msafara uliondoka mchana, ukalala njiani bila maji, ukaamka kungali giza ili ufike visimani kabla jua halijawaangusha watu.

Hapo twawashauri walimu wafanye jambo moja. Mpagazi alichukua mzigo wa karibu frasila mbili, yaani ratli 70, bila kuhesabu chakula chake, chungu chake, na mkeka wake. Jazeni gunia mchanga kiasi hicho, kadiri ya kilo 32, wavulana wanne walishike pembe nne walichukue hatua mia. Kisha waambieni kwamba mtu mmoja aliliweka begani au kichwani toka pwani hata Ujiji. Somo la misafara, ambalo darasani huwa majina na tarehe, halitasahauliwa tena.

Mwaka 1871 Bw. Stanley, alipokuwa akimtafuta Dr. Livingstone, alimwacha Mpwapwa mwenzake Farquhar, aliyekuwa mgonjwa sana, naye akafa. Stanley aliporudi mwaka uliofuata alilitafuta kaburi lake asilione. Sisi tukitazama nyika ile twajiuliza: ikiwa kaburi la Mzungu mmoja, aliyetafutwa na mkuu wa msafara, lilipotea, je, wapagazi wangapi wamelala humu, ambao hakuna hata mmoja aliyerudi kuwatafuta? Majina yao hayamo vitabuni. Njia walizozikanyaga ndizo kumbukumbu zao, na kuzipita kwa adabu ni heshima ndogo tuwezayo kuwapa.

Matembezi ya tatu ndiyo tuyapendayo kuliko yote. Fuateni mto utokao milimani, mpande polepole kuelekea chini ya Kiboriani. Wakati wa kiangazi mtaona mchanga mtupu, lakini msidanganyike. Chimbeni kidogo kwa mikono mahali wenyeji wanapochimba, na maji yatachuruzika toka chini. Haya ndiyo yaliyofanya misafara isimame hapa. Wapagazi waliotoka Usagara wamechoka walijaza vibuyu vyao, wakanunua mtama, wakapata moyo wa kuikabili Marenga Mkali. Pasingalikuwa na maji haya, pasingalikuwa na Mpwapwa.

Lakini tazameni tena ukingo wa mto. Mahali pengi udongo umekatwa wima kama kwa kisu, na mizizi ya miti inaning'inia hewani. Ni kazi ya mvua ikishuka juu ya mlima uliovuliwa miti kwa ajili ya kuni, makaa, na mashamba. Maji yasiyozuiwa na majani hayaingii ardhini. Hukimbia na kuchukua udongo pamoja nayo, kisha mwezi wa Septemba kisima hukauka. Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 yaliivunja reli kati ya Kilosa na Gulwe, hata magarimoshi yakasimama kwa miezi. Mvua ilikuwa kubwa mno, ni kweli. Lakini mlima ulio uchi huifanya mvua kubwa kuwa adui.

Hata hivyo hatukurudi kutoka huko tukiwa na huzuni. Katika mashamba yaliyo chini ya milima mtaona visiki vilivyochipuka, navyo vimepogolewa, vimeachiwa machipukizi machache tu, na pengine kimefungwa kitambaa. Huo ndio ufundi uitwao Kisiki Hai, uliofundishwa katika vijiji vingi vya Dodoma na shirika la LEAD Foundation. Mti uliokatwa si lazima umekufa. Mizizi yake ingali ikinywa maji. Mkulima huchagua machipukizi mawili au matatu yaliyo bora, huyakata mengine, hufunga kitambaa ili wachungaji na wakata kuni wajue kwamba kisiki hiki kina mwenyewe, kisha hukilinda na mbuzi. Hanunui mche, wala hamwagilii. Kwa kuwa mizizi imekwisha shuka chini, mti huo hukua upesi kuliko ule uliopandwa jana.

Kila nyumba yenye shamba yaweza kuanza kazi hiyo leo jioni kwa panga moja. Na kila shule yaweza kumpa mtoto kisiki kimoja kiwe chake, akipime urefu kila muhula, aandike hesabu yake katika daftari. Atakapomaliza darasa la saba atakuwa na kivuli cha kukalia.

Basi, ndugu wasomaji, chagueni Jumamosi moja kati ya sasa na mvua. Anzeni na matembezi ya mjini, na wenye nguvu waende Chunyu. Lakini yule mtoto mdogo kuliko wote msimnyime yale ya mtoni. Mwacheni achimbe mchanga mpaka ayaone maji kwa macho yake, ayaguse. Kisha mwonyesheni mlima yanakotoka, na kisiki chenye kitambaa, naye atajua la kufanya.