Asistanti sosiale analipwa namna gani? Tupige hesabu pamoja

Mama mmoja wa kartye yetu alinikuta nyumbani jioni nikisahihisha madaftari. Binti yake amepata diploma ya Serikali na sasa anataka kusomea kazi ya asistanti sosiale. Mama ana mbuzi wawili, na sehemu yake ya AVEC itagawanywa Desemba. Akaniuliza: "Mwalimu, nikitoa hivi vyote, ile kazi itarudisha feza? Wale wa ONG naona wanapita na magari, wamevaa jile. Nasikia wanalipwa dola."

Jioni ile sikumjibu. Nilienda kwanza kuuliza wale wanaoifanya. Nawaletea jibu hapa, kwa sababu najua si yeye peke yake mwenye swali hilo.

Wamama, kazi ni moja lakini anayelipa si mmoja. Wa kwanza ni Serikali, kupitia Divisheni ya Mambo ya Jamii, ile tunayoita DIVAS. Pale ni kama kwetu walimu. Unapewa kazi leo, lakini mshahara unangoja namba ya matricule na jina kuingia kwenye listi ya malipo Kinshasa. Kabla ya hapo unaitwa "nouvelle unité", unafanya kazi yote na kuondoka na prime kidogo au mikono mitupu. Mimi mwenyewe nilifundisha miaka mitatu namna hiyo, nikila kwa mchango wa wazazi. Jina likiisha kuingia, mshahara ni mdogo lakini unapita benki, na mbele kuna pensheni. Kazi yenyewe haikosi. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamtegemea asistanti sosiale: ndiye anayeenda nyumbani kwa mtoto, anaangalia anavyoishi, anamwandikia hakimu wa watoto.

Wa pili ni ONG za kimataifa. Hapo ndipo kuna dola, na hapo ndipo tunadanganyika, kwa kuwa tunasikia mshahara wa mwezi na hatuulizi miezi ni mingapi. Kumbukeni Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kule Kivu ya Kaskazini, ikafika kwetu Ituri, ikatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Vijana waliajiriwa kufariji familia na kuzungumza na wafiwa kabla ya mazishi. Ugonjwa ulipokwisha, kontra nazo zikaisha. Tena Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na watu wenye diploma nzuri wakajikuta nyumbani bila kosa lolote.

Basi nilichukua kalamu mbele ya yule mama. Tuseme binti analipwa dola 400 kwa mwezi, kontra ya miezi 6. Hiyo ni dola 2,400. Kisha anakaa miezi 10 akitafuta kazi nyingine. Gawanya 2,400 kwa miezi 16: ni dola 150 kwa mwezi. Hizo namba nimezichagua mimi kwa mfano tu, lakini hesabu ni ya kweli. Mwenye kupanga nyumba kubwa kwa dola 400, mwezi wa saba anahama usiku.

Wa tatu ni mashirika yetu ya hapa. SOFEPADI ilianzishwa hapa Bunia mwaka 2000 na wamama, Julienne Lusenge akiwa mmoja wao. Leo ina kituo cha Karibuni wa Mama, na Lusenge alipewa tuzo ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa mwaka 2023. Mashirika kama hayo nayo yanategemea wafadhili, lakini msichana akianzia huko anajifunza kazi kweli: kusikiliza bila kuhukumu, kutunza siri, kujua kwamba aliyebakwa lazima afike kwa daktari kabla ya saa 72.

Sasa kontra, na hapa naomba msome polepole. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema kontra yenye mwisho haipiti miaka 2, na inarudiwa mara moja tu. Mwenye kuzaa ana wiki 14 za mapumziko na theluthi mbili za mshahara. Kila mwezi mfanyakazi anakatwa 5% kwa ajili ya CNSS, na mwajiri anaongeza sehemu yake. Binti aulize kama feza hiyo inafika kweli CNSS. Wengi wanatiwa sahihi kama "volontaire", wanapewa prime, na siku ya kuzaa hawana wiki hata moja.

Na sisi wenyewe? Yule mama wa kikundi anayeitwa kuhamasisha kambini Kigonze, anayelala hospitali na msichana asiye na ndugu, anafanya kazi hiyohiyo. Analipwa sabuni na tishati. Safari ijayo watu wa proje wakija kutuomba "wamama kumi wa kujitolea", rais wa kikundi aombe kuona bajeti kwanza. Kama dereva ana mstari wake mle ndani, na mama awe na wake.

Yule jirani nilimwambia hivi: binti asome, lakini asome hapa Bunia akilala nyumbani, ajifunze kompyuta na kuandika ripoti kwa Kifaransa safi, na feza ya AVEC isiguswe, iwe mtaji wa biashara kidogo kwa miezi ya katikati ya kontra. Binti alinuna kidogo, alikuwa ameota Kinshasa.

Mbuzi mmoja aliuzwa Jumamosi. Wa pili ana mimba.