Umembebea shosho asali badala ya sukari? Soma hii kwanza

Ijumaa jioni uko pale Tea Room, Nairobi, unangoja matatu ya Embu au Meru ijae. Kwenye begi umebeba mkate, majani ya chai na kile kitu ulichozungukia maduka wiki nzima: chupa ya asali, au kile kikopo kidogo cha vidonge vitamu kutoka supa. Shosho aliambiwa kliniki kwamba sukari yake imepanda, aache kutia sukari kwenye chai. Wewe mjukuu wa mjini, mwenye simu na bando, ndiye uliyepewa kazi ya kutafuta mbadala.

Wazo ni zuri. Lakini kabla hujashuka Runyenjes au Nkubu ukijiona shujaa wa familia, hebu tuangalie hivyo vitu vinafanya nini ndani ya mwili. Vingine havina tofauti kubwa na ile sukari unayotaka kuiondoa.

Tuanze na asali. Kwanza, kubeba asali kutoka Nairobi kwenda Embu ni kama kupeleka samaki Kisumu. Kule chini Mbeere, na kwa majirani wa Tharaka, mizinga imetundikwa mitini tangu zama za mababu, na asali iliingia hadi kwenye muratina ya kuposea. Mzee wa huko akikwambia asali ni dawa, hadanganyi. Kwa kikohozi na kwa kidonda ina kazi yake. Shida ni kwamba damu haiulizi utamu ulitoka kwa nyuki au kwa kiwanda.

Katika kila gramu 100 za asali, karibu 80 ni sukari, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni maji. Sukari yenyewe ni fruktosi na glukosi, zile zile mbili zinazounda sukari ya dukani. Halafu kuna hesabu ambayo wengi hawaifanyi: asali ni nzito. Kijiko kidogo cha sukari kina gramu 4 hivi. Kijiko hicho hicho cha asali kina uzito wa gramu 7, na ndani yake kuna karibu gramu 6 za sukari. Kwa hivyo shosho akibadilisha kijiko kwa kijiko, ameongeza sukari, hajapunguza. Ni kweli asali ni tamu zaidi na fruktosi yake haipandishi glukosi ya damu kwa kasi ile, kwa sababu hupitia kwenye ini kwanza. Lakini tofauti hiyo ni ndogo, na inategemea nyuki walikula maua gani. Mtu akiweka nusu kijiko pale alipokuwa anaweka vijiko viwili vya sukari, hapo sawa, amepunguza. Akimimina kwa sababu "hii ni ya asili", amejidanganya.

Sukari nguru nayo? Hadithi ni hiyo hiyo. Rangi ya kahawia na madini kidogo haviifanyi kuwa kitu kingine.

Sasa vile vidonge na vipakiti. Aspatami, sukralosi, sakarini na stevia, ule mmea wa asili ya Paraguay ambao siku hizi unalimwa hata Kericho, havina glukosi ya maana ndani yake. Ulimi unapata utamu, lakini damu haipati sukari. Ukimtilia shosho kidonge kimoja kwenye chai, kile kidonge chenyewe hakitapandisha kipimo chake. Hapo ndipo faida ilipo, na ni faida ya kweli.

Lakini geuza pakiti usome nyuma. Kwa kuwa stevia na sukralosi ni tamu mara mamia kuliko sukari, kinachohitajika ni chembe tu, na watengenezaji huzichanganya na unga wa kujaza pakiti. Ukiona jina linaloanza na "malto" au "dextro", huo unga ni wanga unaogeuka glukosi haraka sana. Kipakiti kimoja hakina neno, ni gramu moja hivi. Mtu wa vipakiti kumi kwa siku ndiye anayefaa kufikiria mara mbili.

Na je, vitu hivi ni salama kwa muda mrefu? Mwaka 2022 watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israel, walichapisha matokeo ya watu wazima 120 wenye afya waliopewa vitamu hivi kwa wiki mbili. Waliotumia sakarini na sukralosi, miili yao ilianza kushughulikia glukosi vibaya kidogo, na ilionekana bakteria wa tumboni wanahusika. Aspatami na stevia hazikuonyesha hivyo. Mwaka uliofuata, Shirika la Afya Duniani likashauri watu wasitegemee vitamu hivi kupunguza uzito, ila likasema wazi kwamba ushauri huo hauwahusu wale ambao tayari wana kisukari. Kwa hivyo usimnyang'anye shosho kidonge chake kwa sababu ya kichwa cha habari ulichoona kwenye simu.

Kusema kweli, mimi naona tunabishana sana kuhusu kijiko na kusahau sahani. Chai isiyo na sukari ikiteremshwa na mandazi matatu, au kilima cha mukimo, ule wanga wote utakuwa glukosi kabla ya saa mbili kwisha. Usibishane, pima. Mwombe shosho atoe kile kimashine chake, mpime kabla ya kula, halafu saa mbili baadaye. Leo chai na asali, kesho chai na kidonge, chakula kikiwa kile kile. Namba zitawaonyesha tofauti kuliko makala yoyote, hata hii.

Na wewe mwenyewe usijifiche nyuma ya shosho. Ukiketi na wasee mkiguguna miraa ya Maua au muguka ya Mbeere, uchungu mnaukata na nini? Soda, na Big G mfululizo. Soda moja ya mililita 300 ina sukari ya vijiko saba hadi vinane, na hamnywi moja. Ukihamia ile isiyo na sukari umepunguza mzigo huo, sawa. Lakini jaba huua hamu ya kula. Kama kwenye hiyo meza kuna mwenzenu anayejidunga insulini au kumeza glibenklamaidi, na amekesha bila chakula, sukari yake inaweza kushuka vibaya. Atatetemeka, atatoka jasho, moyo utamwenda mbio, ataanza kuongea ovyo. Nanyi mtadhani ni handas.

Hapo ndipo vitamu mbadala vinaweza kugharimu maisha. Sukari ya damu ikishuka chini ya 4 kwenye kile kimashine, kidonge kitamu hakisaidii. Soda ya ziro haisaidii. Kinachotakiwa ni sukari yenyewe: vijiko vitatu au vinne ndani ya maji, au soda ya kawaida nusu glasi, au kijiko kikubwa cha ile asali tuliyoisema vibaya hapo juu. Ngoja dakika 15, pima tena, rudia ikiwa bado iko chini, kisha ale chakula. Kama amepoteza fahamu usimtie chochote mdomoni, mlaze kwa ubavu na mtafute gari la kumfikisha hospitali haraka.

Kwa hivyo ukifika nyumbani usiku, mwekee shosho kidonge chake karibu na birika, lakini usitupe lile kopo la sukari. Lifunike vizuri, liweke mahali ambapo hata mtoto wa jirani anaweza kulifikia, na mwonyeshe kila anayelala pale ni la nini. Asubuhi mkienda kliniki, mwulize daktari kama dawa anazotumia ni zile zinazoweza kushusha sukari kupita kiasi.