Uwakala Hukoma kwa Mauti

Waislamu wengi wa Kaloleni, Arusha, huwakabidhi jamaa zao akaunti za benki wanaposafiri au kuugua. Kisheria huu ni uwakala, nao unajuzu: Mtume (s.a.w.) alimpa Urwa al-Bariqi dinari 1 amnunulie kondoo (Bukhari). Wakili ni mwaminifu. Halipi kilichopotea ila akivuka mipaka au akizembea.

Lakini tunatanabahisha: mwenye mali akifa, uwakala umebatilika papo hapo. Fedha zile sasa ni tirka: kwanza maziko, kisha madeni, kisha wasia, kinachobaki ni cha warithi. Aliyeachiwa kadi na namba ya siri asiseme, "Marehemu aliniamini." Akijitolea fedha kimya kimya, huenda anakula mali ya mayatima. Wallahu a'lam.