Bibi zao walikuwa wa hapa: simulizi ya mifupa ya Mtwapa

Ukivuka daraja la Mtwapa ukitoka Mombasa, macho huvutwa na maduka, bodaboda na matatu zinazogombania abiria wa Kilifi. Karibu na kelele hizo, ukingoni mwa mkono wa bahari, umelala mji mwingine chini ya mibuyu: kuta za matumbawe na chokaa, msikiti, na makaburi ya watu waliokaa hapo karne nyingi kabla mji huo haujahamwa katika karne ya 18.

Profesa Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia Mkenya, amefanya utafiti Mtwapa tangu miaka ya 1980. Kuchimba nyumba na mashimo ya taka ni kazi moja. Kufukua kaburi la Mwislamu ni jambo jingine kabisa. Ilimbidi kwanza aaminiwe na wenyeji, kisha wakakubaliana: mifupa itafukuliwa, sampuli itachukuliwa, na wafu watazikwa tena msimu huohuo. Naliona sharti hilo kuwa sehemu ya sayansi yenyewe, maana bila hilo pasingekuwa na utafiti wowote.

DNA haipendi pwani. Joto na unyevu huikatakata vipande vidogo, na vijidudu vya udongoni huiongezea DNA yao. Ndiyo maana watafiti hutafuta meno, au ule mfupa mgumu ajabu unaozunguka sikio la ndani, ambao ni kama sanduku lililofungwa. Hutobolewa, hupatikana unga kidogo, na kutokana na unga huo vile vipande husomwa na kuunganishwa.

Matokeo yalichapishwa Machi 2023 katika jarida la Nature, kazi ya Kusimba pamoja na Esther Brielle na David Reich wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzao wengi. Walisoma DNA ya watu 80 wa kati ya mwaka 1250 na 1800, kutoka Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa, Songo Mnara na Lindi, na pia kijiji cha bara kiitwacho Makwasinyi.

Ili kuelewa walichokiona, kumbuka mambo mawili. Katika seli zako mna mitokondria, na DNA yake hupokewa kwa mama peke yake: mamako aliipata kwa mamake, naye kwa mama yake, hivyo hivyo hadi zama za kale. Mwanamume ana pia kromosomu Y, aliyoipata kwa babake tu. Mistari hii miwili haichanganyiki, kwa hiyo mtafiti anaweza kumfuata bibi na babu kila mmoja kwa njia yake.

Kwa wengi wa wafu wa pwani, zaidi ya nusu ya asili yao ilikuwa ya Kiafrika. Upande wa mama, karibu wote walikuwa Waafrika. Upande wa baba, wengi walitokana na wanaume wa Asia, hasa Uajemi, pamoja na asili kidogo ya Kihindi. Mchanganyiko huo ulianza kufikia mwaka 1000 hivi. Baada ya 1500, asili ya Uarabuni ndiyo inayozidi kuonekana.

Masimulizi ya Kilwa yanataja wana wa mfalme waliotoka Shirazi, Uajemi. Wasomi wa enzi ya ukoloni waliyachukua kuwa ushahidi kwamba miji ya mawe ilijengwa na wageni. Baadaye wengine wakayaona kuwa ya kujitafutia hadhi tu. Mifupa inasema mababa wa Kiajemi walikuwapo kweli. Lakini vijiji vya pwani vilikuwa vimekwisha kusimama kabla ya mchanganyiko huo, na Kiswahili ni ndugu wa Kigiriama na Kipokomo. Mgeni alioa, akakaa, na watoto wake wakazungumza lugha ya mama yao. Kwangu mimi hilo ndilo kubwa, nalo halikuandikwa na yeyote aliyeandika nasaba za masultani.

Tahadhari moja: wengi wa waliopimwa walizikwa kwenye makaburi ya heshima, karibu na misikiti. Wavuvi, wakulima na watumwa huenda walikuwa na asili tofauti, kwa hiyo matokeo haya si ya pwani nzima.

Mexico nako mifupa imesahihisha simulizi. Huko Chichén Itzá, mji wa Wamaya, ilisemekana kwa muda mrefu kwamba waliotolewa kafara walikuwa hasa wasichana. Mwaka 2024 watafiti walitangaza DNA ya watoto 64 waliozikwa katika shimo la chini ya ardhi: wote wavulana, na miongoni mwao jozi mbili za pacha wa kufanana. Walilinganishwa na wakazi wa leo wa kijiji cha Tixcacaltuyub, na undugu ukaonekana. Pia zilionekana dalili kwamba magonjwa yaliyofika na ukoloni yalibadilisha jeni za kinga za vizazi vilivyofuata.

Sisi tunaye jirani wa namna hiyo. Makwasinyi iko Taita Taveta, karibu na mlima Kasigau, takriban kilomita 100 kutoka baharini. Watafiti walipotafuta asili ya Kiafrika ya wafu wa Mtwapa, Manda na Faza, waliofanana nayo walikuwa wafu wa Makwasinyi. Wajomba wa mji wa mawe walikuwa bara.