Anayepanga Mwendo ni Mzee

Mjini New Orleans, jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani, mwanamuziki akifa hazikwi kimya. Wenzake huvaa suti nyeusi, shati jeupe na kofia yenye jina la bendi, wakabeba tarumbeta, tromboni, klarineti, tuba na ngoma, wakamsindikiza kwa miguu. Mbele hutangulia kiongozi wa msafara, kofia ameishika kifuani, akivuta hatua moja moja kama mtu asiyetaka kufika. Ngoma ndogo huzibwa kwa leso ili mlio wake udidimie. Nyimbo ni za dini, na hupigwa polepole sana.

Safu ya kwanza ni ya jeneza, wafiwa na bendi. Nyuma yao huja safu ya pili: majirani, wapita njia na watoto. Wakishaagana na maiti, mpiga ngoma huichomoa ile leso, ngoma ikapiga mfululizo wa kuwaamsha watu, na tarumbeta zikageuza wimbo. Hapo miavuli hufunguliwa, vitambaa vikapepea, kila mwenye magoti mazima akacheza. Msiba haujasahaulika; umefika mahali pa kumshukuru aliyepumzika.

Desturi hii ina mizizi mirefu. Watumwa wa mji huo walikuwa wakikutana Jumapili kwenye uwanja ulioitwa baadaye Congo Square, wakapiga ngoma zao. Baada ya utumwa, watu weusi waliunda vyama vya kusaidiana: walichangia matibabu, wakazikana, na bendi ikawa sehemu ya heshima ya mwanachama. Aliyewahi kuwa katika chama cha kuzikana huku kwetu ataelewa bila kuelezwa.

Humo barabarani ndimo jazi inamorithishwa. Mtoto huanza safu ya pili, akigonga kopo au sanduku kwa kuiga. Siku moja mtu mzima humruhusu kugonga toazi lililofungwa juu ya ngoma kubwa, ambalo wengi hulipiga kwa waya wa kutundikia nguo. Baadaye ataazimwa tarumbeta na kutembea nyuma ya wakubwa. Katika bendi moja unaweza kumkuta mtu na mjukuu wake. Anachojifunza kijana kwanza ni mahali pake: tarumbeta inashika wimbo, klarineti inaurembesha kwa juu, tromboni inajaza kwa chini. Asiyesikiliza huwakanyaga wenzake.

Mtihani wenyewe uko katika zile nyimbo za polepole. Kijana ana pumzi na vidole vyepesi, kwa hiyo kasi haimshindi. Kazi ni kuishika sauti moja ndefu huku unatembea, isitetereke, isipungue uchungu, wala miguu isitangulie ngoma. Hilo halijifunzwi chumbani, sharti atembee na aliyekwisha kuwazika wengi.

Louis Armstrong, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1901, alimpata mzee wa namna hiyo kwa Joe Oliver, mpiga koneti (tarumbeta fupi) ambaye Armstrong alimwita Papa Joe. Mwaka 1922 Oliver alimwita Chicago ajiunge na bendi yake, na koneti mbili zikasimama jukwaani pamoja. Mkubwa alishika wimbo, mdogo akamfuata kwa sauti ya pili, na kila Oliver alipochomekea kipande cha papo kwa papo, Armstrong alikuwa naye kana kwamba walipanga jana. Alipokuja kuvuma dunia nzima, hakuacha kumtaja Oliver kuwa mwalimu wake.

Lakini kufikia mwisho wa miaka ya 1960 bendi za barabarani zilikuwa zimebaki na wazee, na vijana walifuata miziki mingine. Danny Barker, mpiga banjo na gitaa aliyezaliwa 1909, alikuwa amerudi nyumbani mwaka 1965 baada ya miaka mingi New York. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kupitia kanisa la Kibaptisti la Fairview, aliwakusanya watoto wa mtaani na kuwaundia bendi, kiongozi wao akiwa kijana mpiga tarumbeta, Leroy Jones. Humo walipita wengi, wakiwemo ndugu wawili Wynton na Branford Marsalis. Mbegu ikaota.

Ikaota kwa namna yake. Bendi ya Dirty Dozen iliyoanza 1977, na Rebirth iliyofuata 1983, ziliongeza kasi, zikachanganya mitindo ya bibopu na fanki, na suti zikaanza kuachia nafasi fulana. Wazee walinung'unika kwamba mazishi yamekuwa dansi, nyimbo za dini zinarukwa ili watu wafike haraka kwenye kucheza. Vijana walijibu kwamba barabara ni ya wachezaji, na kwamba hao wazee nao, siku zao, waliwahi kuambiwa wanaharibu muziki. Kila upande ulikuwa na haki yake: bila kasi ya vijana safu ya pili ingekuwa tupu, na bila mwendo wa wazee ingekuwa safu ya pili isiyo na ya kwanza.

Barker mwenyewe aliudhika na fujo hizo hata akasema hataki mazishi ya namna ile. Alipofariki Machi 1994, akiwa na miaka 85, wanamuziki waliokuwa wamepita mikononi mwake waliiomba familia iwaruhusu, wakaahidi kwamba mambo yatakwenda kwa adabu ya zamani. Wakaruhusiwa. Siku hiyo mzee hakuwepo kuwapangia mwendo, na msafara ulikwenda polepole.