Moshi wa kiwanda ni hasara ya wote

Mkulima wa Pemba akishachambua karafuu hatupi makonyo. Huyauza, na kiwanda cha Wawi, Chake Chake, cha shirika la ZSTC, huyatoa mafuta kwa mvuke.

Kilo 100 za makonyo zina kilo 5 hadi 6 tu za mafuta, hivyo gharama ya mvuke ni suala zito. Katika kiwanda chochote kinachotumia kuni, kuni mbichi ni hasara: karibu nusu ya uzito wake ni maji. Moto huanza kuyakausha, na moshi unaotoka ni nishati isiyoungua. Jirani anakohoa, mwenye kiwanda anapoteza fedha, na bei ya makonyo haipandi.

Dawa yake si ghali. Kuni zikaushwe bandani kwa miezi kadhaa, tanuri lipate hewa na bomba la moshi lisafishwe. Kuhusu kelele, mashine zikazwe nati, zitiwe mafuta na ziwekwe juu ya mpira. Mfanyakazi anayekaa saa 8 kwenye kelele ya desibeli 85 avae viziba masikio.

Jirani anayesumbuliwa amwone sheha, kisha Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar (ZEMA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015.