Neno, Muchezo na Sanamu: Vitu Vitatu Katika Kitunga Kimoja



Tangu tulipotangaza kama kikundi chetu cha mashairi kitacheza na kuonyesha vitu vya kuchonga kwa sherehe ya mwisho wa mwaka, maulizo yamekuwa mengi. Wengine wanasema: "Shairi ni la kusoma, ngoma ni ya kucheza, picha ni ya kutundika kwa ukuta. Kwa nini munachanganya?" Wengine wanauliza kwa woga: "Je, hamuturudishe kwa mambo ya zamani ambayo Kanisa liliyaacha?" Maulizo yote mawili ni mazuri, lakini jibu haliwezi kuisha kwa dakika tano za mapumziko. Ndiyo sababu tunaandika.

Jibu kwa kifupi ni hili: kuchanganya si jambo jipya. Jambo jipya ni kuachanisha. Hapa kwetu Maniema, na kwa majirani zetu, neno, muchezo na kitu cha kuonekana kwa macho vilikaa pamoja muda murefu. Vikiachana, kila kimoja kinapata hasara. Tutaeleza namna gani.

1. Mufano wa Walega

Ukitoka Kasongo kwenda upande wa kaskazini unafika teritwari ya Pangi, kwa Walega. Walega wengine wako Shabunda na Mwenga, katika Kivu ya Kusini. Watu hawa hawakuwa na mufalme mumoja wa kuwatawala wote. Kilichowaunganisha ni chama kinachoitwa Bwami. Mutu aliingia Bwami kwa daraja la chini, kisha akapanda polepole, na daraja la juu kabisa linaitwa Kindi. Wanawake pia walikuwa na madaraja yao, pamoja na waume zao. Kupanda kulitaka mali na musaada wa jamaa, lakini zaidi kulitaka tabia njema. Walega wako na neno busoga, ambalo linasema wema na uzuri kwa mara moja. Kwao, kitu kizuri kwa macho na mutu mwema kwa matendo vinapewa jina moja.

Sasa, Bwami ilifundisha kwa njia gani? Hapakuwa tablo wala kitabu. Mwalimu alileta kitu: sanamu ndogo ya muti au ya pembe ya tembo, maske yenye ndevu za nyuzi, mudomo wa ndege, gamba la kobe. Kitu kile kilikuwa na neno lake la hekima. Watu waliimba neno lile, ngoma zikapiga, na mwalimu akacheza akishika kitu kile mukononi, akionyesha kwa mwili wake maana ya neno. Maske haikuvaliwa kwa uso tu. Mara iliwekwa kwa kipaji, mara ilishikwa mukononi, mara ilitundikwa kwa lupango, na mara ilikokotwa chini kwa ndevu zake. Kila namna ya kuishika ilileta maana nyingine.

Tuchukue sanamu moja tu. Kuna sanamu yenye nyuso nyingi, inaitwa Sakimatwematwe. Mutu asiyejua anaweza kusema: "Huyu ni shetani mwenye vichwa vingi." Kumbe mafundisho yake yanahusu mutu mwenye hekima, ambaye anatazama pande zote mbele ya kukata neno. Tunajua hivi kwa kuwa neno lilibaki pamoja na sanamu. Tena, sanamu moja iliweza kupewa maneno mengi. Leo inacheza na neno hili, kesho na neno lingine. Kwa hiyo, kutazama sura ya kitu peke yake hakutoshi hata kidogo.

2. Hasara iliyotokea

Mwaka wa 1948 serikali ya Wabelgiji ilitoa amri ya kufunga Bwami. Mwalimu mumoja wa elimu ya makabila, Daniel Biebuyck, alikaa na Walega katika miaka ya 1950 na kuandika maelfu ya maneno yao ya hekima pamoja na vitu vyake. Mwaka wa 1973 alitoa kitabu kikubwa juu ya mambo hayo. Bila kazi yake na bila wazee waliokubali kumufundisha, mengi yangekuwa yamepotea.

Wakati ule ule, na nyuma yake, sanamu zenyewe ziliondoka. Zingine zilichukuliwa, zingine ziliuzwa kwa watu wa biashara. Leo utazikuta katika jumba la vitu vya kale la Tervuren, karibu na Bruxelles, na katika majumba mengine ya Ulaya na Marekani. Zinawekwa ndani ya kioo, na taa nzuri juu yake. Watu wanapita, wanasema: "Ni nzuri." Ni kweli ziko nzuri. Lakini ngoma haiko, sauti haiko, mukono uliozishika hauko. Kwa nyingi kati yake hakuna anayejua tena ni neno gani liliimbwa. Sanamu imekuwa bubu.

Na huku kwetu hasara iko upande wa pili. Tuko na wababu na watate ambao bado wanakumbuka maneno kwa kibangubangu, kizimba, kikusu na kisongola, lakini kitu cha kushika hakipo tena. Kule kitu bila neno, huku neno bila kitu. Na vijana kama sisi, wenye kuongea Kiswahili siku nzima na kuandika Kifaransa darasani, tunabaki katikati bila hiki wala kile. Wazee wenye kujua si wengi, na kila mwaka hesabu yao inapunguka. Hii ndiyo sababu tunaharakisha.

3. Majirani wengine

Walega hawakuwa peke yao. Ukivuka kusini ya Kasongo unaingia Katanga ya zamani, na mbele zaidi unafika kwa Waluba. Kule kulikuwa chama cha watu wa kutunza habari za kale, kinaitwa Mbudye. Walitumia kibao cha muti, lukasa, ambacho kinaenea mukononi. Juu yake walitia ushanga na alama za kuchonga. Mutu aliyefundishwa alipitisha kidole kutoka ushanga mumoja kwenda mwingine, huku akisema habari za wafalme na safari zao. Habari hizo zilisemwa mbele ya watu kwa kuimba na kucheza. Kibao, sauti na muchezo vilikuwa kazi moja ya kukumbuka.

Upande wa kaskazini, katika teritwari ya Walikale, wako Wanyanga. Mwaka wa 1956 muzee Shekarisi Rureke alisimulia hadisi ya shujaa Mwindo kwa siku 12. Hakukaa kwa kiti akisoma. Aliimba, alisimulia, alicheza, alitikisa kibuyu cha mbegu, na watu waliokuwa pale wakaitikia na kupiga fimbo kwa mudundo. Biebuyck na Kahombo Mateene walichapa hadisi ile katika kitabu mwaka wa 1969. Sisi tunashukuru kwa kitabu. Lakini mutu akisoma kitabu tu, amepata nusu: miguu ya Rureke haikuweza kuingia katika karatasi.

4. Na Biblia je?

Kwa wandugu wenye woga, tunaomba wafungue Biblia zao. Katika Kutoka 15, nyuma ya kuvuka bahari, Miriamu alichukua ngoma ndogo mukononi, wanawake wakamufuata wakicheza, naye akawaimbia. Neno na muchezo viko pale. Katika 2 Samweli 6 Daudi, mutu wa zaburi, alicheza mbele ya Sanduku kwa nguvu zake zote, na Sanduku lile lilikuwa kazi ya mikono, limefunikwa kwa zahabu. Katika Kutoka 31 Mungu alimujaza Besaleli roho yake apate akili ya kuchonga muti na kufanya kazi ya zahabu, feza na shaba. Kwa hiyo akili ya mikono pia ni zawadi ya Mungu, si ya mudomo peke yake.

Hatusemi kama tunarudisha Bwami. Madaraja yake na siri zake si kazi ya wanafunzi. Tunachochukua ni namna ya kufundisha: kusema neno moja kwa sikio, kwa jicho na kwa mwili, hata lisisahauliwe.

5. Namna tunavyofanya sisi

Sasa tueleze kazi yenyewe, ili darasa lingine likitaka kufuata liweze.

Kwanza ni neno. Tunaandika shairi fupi, mistari minne inatosha. Ikiwa refu sana muchezaji atachoka na watu watasahau. Huu ni mufano tuliotunga juu ya watu wawili wa jamaa moja wenye kugombana:

Mutumbwi mumoja, kafi mbili,
moja inavuta, moja inakataa.
Muto haungoji kesi yenu:
maji yanapita, ngambo iko mbali.

Pili ni kitu. Tulichonga mutumbwi mudogo wa muti mwepesi, wenye vichwa viwili, kimoja huku na kimoja kule. Tuliupaka mukaa upande mumoja na udongo mweupe upande wa pili. Vyote vinapatikana bila franka hata moja. Mutu akiuona mezani peke yake atasema muchongaji alikosea, sababu mutumbwi hauwezi kuwa na mbele mbili. Lakini akisikia shairi, anaelewa mara moja, tena anacheka.

Tatu ni muchezo. Wanafunzi wawili wanasimama wakipeana mugongo, wakishika mutumbwi ule kati yao, na kila mumoja anapiga kafi kwenda kwake. Korale inasimama nyuma kwa mustari na kusogea polepole upande mumoja, kama maji ya Lualaba. Ngoma inapiga polepole kwanza, kisha haraka. Kwa mustari wa mwisho ngoma inanyamaza, wale wawili wanabaki palepale walipoanza, na korale imekwisha kupita. Hakuna anayehitaji kueleza tena. Hata mama wa soko ambaye hakusoma, hata mutoto wa darasa la kwanza, ameelewa.

Angalisheni kama hakuna kitu kinachorudia tu kile kingine. Shairi halisemi kama mutumbwi uko na vichwa viwili. Sanamu ndiyo inasema. Sanamu haisemi kama maji yanapita. Korale ndiyo inasema. Kila kimoja kinaleta kile ambacho kingine hakina. Kama muchezaji anafuata tu maneno kwa mikono, kama mutu anayesemea viziwi, watu watachoka. Na kama sanamu ni pambo tu kando ya jukwaa, afazali ibaki nyumbani.

6. Mambo ya kuangalia

La kwanza: musichukue kitu cha jamaa bila ruhusa. Kuna vitu vya wazee ambavyo haviruhusiwi kuonwa na kila mutu. Muzee akisema hapana, ni hapana. Tuchonge vyetu vipya.

La pili: kitu cha zamani kikiwa bado kwenu, musikiuze. Franka zitaisha kwa wiki moja. Afazali mukae na muzee, mumuulize neno lake, namna ya kulishika na namna ya kulicheza, na muandike yote matatu katika daftari, kwa luga yake kwanza na Kiswahili pembeni.

La tatu: tutumie muti, udongo, raffia na vibuyu. Pembe ya tembo tuiache. Mwaka wa 1989 mataifa yalipatana kukataza biashara yake kati ya inchi na inchi, sababu tembo walikuwa wanaisha. Neno la hekima halihitaji damu ya munyama ili lisikiwe.

La ine: kila mutu aingie. Katika darasa kuna mwenye sauti mbaya lakini mikono yake inajua kuchonga. Kuna mwenye haya ya kusema mbele ya watu lakini miguu yake haina haya. Kazi hii inawapa wote nafasi, na pengine ndiyo faida yake kubwa kuliko zote. Wamusulimani wa muji wetu, Wakatoliki na sisi Waprotestanti tunaweza kukaa kwa uwanja mumoja, sababu mutumbwi wenye vichwa viwili ni kesi ya kila nyumba.

Wandugu, likizo iko karibu. Wengine mutarudi Kasongo, wengine Kabambare, wengine kwa vijiji vya mbali. Tunawaomba jambo moja: kila mutu arudi na neno moja la muzee wake, pamoja na kitu kilichoshikwa na namna kilivyochezwa. Kama kitu hakiko tena, mumuombe muzee akichore kwa kidole juu ya udongo, nanyi mukichore kwa daftari. Tutayapokea yote, na yale ambayo wazee wanaruhusu tutayatoa katika gazeti hili.

Mungu awalinde kwa njia.